Tafuta Shimo, Usitafute Kilele: Mwongozo Kamili wa Kupima Polaraizesheni ya Antena

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimeizungusha antena kila upande na namba hazibadiliki. Nitajuaje kama mnara unarusha wima au mlalo?" Wengine huleta na vipimo vyenyewe. Ukivitazama, antena iliyolazwa na iliyosimamishwa zimetoa namba zinazokaribiana mno, na kwa mawimbi mengi ya televisheni hilo haliwezi kuwa kweli.

Kosa huwa liko kwenye upimaji, na karibu kila mara ni moja kati ya matatu. Kipokezi kinajirekebisha chenyewe bila wewe kujua. Waya wako umegeuka antena. Au unahangaika kutafuta mahali mawimbi yanapokuwa makali zaidi, wakati jibu liko pale yanapopotea.

Tutatumia mawimbi ya televisheni ya kidijitali ya UHF, yaani mkanda wa masafa ya juu unaotumiwa na televisheni, kama uwanja wa mazoezi. Yapo usiku na mchana, nguvu yake haiyumbi, na hulazimiki kurusha chochote. Ukitaka kurusha mawimbi yako mwenyewe, kwanza soma masharti ya TCRA, msimamizi wa mawasiliano Tanzania, au ya Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya.

## Unapima kitu gani hasa

Watazame watoto wanaocheza kamba. Wakiitikisa juu na chini, mawimbi ya kamba yanasimama wima. Wakiitikisa kushoto na kulia, yanalala. Wakiizungusha ili mwenzao aruke, kamba inachora duara. Wimbi la redio ni vivyo hivyo: kinachotikisika ni uga wake wa umeme, na mkao wa mtikisiko huo ndio polaraizesheni. Yaweza kuwa wima, mlalo, mshazari au duara.

Dipoli, yaani vijiti viwili vilivyonyooka kwenye mstari mmoja, hupokea ile sehemu ya uga iliyo sambamba nayo tu. Ukiipindisha, volti hupungua kwa kosaini ya pembe. Kwa desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi, nyuzi 30 zinakupotezea 1.25, nyuzi 45 zinakupotezea 3, nyuzi 60 ni 6, nyuzi 75 ni karibu 12, na nyuzi 85 ni 21. Kwenye nyuzi 90 hesabu inasema hubaki kitu. Uwanjani, ukipata upungufu wa desibeli 20 hadi 30, umefanya kazi nzuri.

Sasa angalia hizo namba upya. Ukiwa kwenye kilele na ukakosea kwa nyuzi 5, umepoteza desibeli 0.03, na hakuna kifaa cha mtaani kitakachokuonyesha hilo. Ukiwa karibu na shimo, yaani pembe ambapo mawimbi yanapotea, nyuzi 5 hizo hizo zinakutoa kwenye ukimya hadi desibeli 21 tu chini ya kilele, na nyuzi 10 zinakupandisha hadi 15. Kilele ni kama mgongo wa kilima kipana: unaweza kutembea juu yake mchana kutwa usijue upo katikati au pembeni. Shimo ni kama kisima, ukilifikia utajua. Kwa hiyo tutatafuta shimo, kisha tutaongeza nyuzi 90.

## Andaa vitu hivi

- Vijiti viwili vya shaba au alumini, unene wa milimita 2 hadi 4
- Bomba la plastiki la inchi moja, urefu wa mita 1.5 hadi 2
- Waya wa antena wa RG-6, mita 5 au zaidi
- Kiunganishi kidogo cha plastiki chenye skrubu, kile cha kuungia nyaya za taa
- Pete 3 au 4 za feraiti zinazoenea juu ya waya huo, za kuuzuia usipokee mawimbi wenyewe
- Mbao mbili zilizokatwa umbo la V juu, za kuegeshea bomba
- Kipimapembe kikubwa, uzi na nati ya kuning'iniza kama timazi
- Kipokezi cha RTL-SDR (redio ndogo inayoendeshwa na programu) cha kuchomeka kwenye USB, na kompyuta. Au kipimo cha mafundi kinachosoma dBµV, yaani ukali wa mawimbi kwa desibeli
- Kizuia mawimbi cha desibeli 10, ukikipata
- Daftari. Kichwa chako si daftari.

Asiye na SDR wala kipimo asikate tamaa. Kwenye hatua ya 6 nimeweka njia ya king'amuzi cha kawaida.

## Hatua ya 1: Kata dipoli

Ingia kwenye menyu ya king'amuzi uone masafa ya chaneli unayoipata vizuri. Gawanya 143 kwa masafa hayo ya megahezi. Jibu ni urefu wa dipoli nzima kwa mita. Chaneli ya UHF namba 31, kwa mfano, ina katikati yake kwenye megahezi 554. Hapo unapata sentimita 25.8, yaani kila kijiti karibu sentimita 12.7 ukiacha pengo la nusu sentimita katikati.

Usipoteze muda kuhangaikia milimita. Dipoli iliyokosewa kwa asilimia 3 itapokea pungufu kidogo, lakini mkao wake haubadiliki. Kinachoharibu kipimo ni vijiti vilivyopinda, au kimoja kirefu kuliko kingine kwa macho.

## Hatua ya 2: Funga kwenye bomba

Dipoli inakaa mbele ya bomba, ikikatiza kama mkono wa msalaba. Kijiti kimoja kiungwe kwenye kiini cha waya na kingine kwenye wavu wake. Waya upite ndani ya bomba hadi nyuma, ukiwa na pete za feraiti karibu kabisa na dipoli.

Usiushushe waya chini moja kwa moja kutoka kwenye dipoli. Uga wa wimbi hutikisika kukatiza njia ya wimbi, hautikisiki kuifuata. Waya unaolala kwenye mstari wa kwenda mnarani hauguswi sana na uga huo. Waya unaoning'inia umekuwa antena ya wima, tena ndefu kuliko dipoli yako, na utakujazia shimo kila unapolikaribia. Hapa ndipo wengi wanapokwama.

Nyuma ya bomba bandika kipimapembe na ning'iniza nati. Dipoli ikiwa imelala, uzi usome 0. Ikisimama, usome 90. Wewe utasimama nyuma, mbali na dipoli, kwa sababu mwili wa mtu umejaa maji ya chumvi na hurudisha mawimbi.

Ukifanikiwa: unazungusha mkia wa bomba kwa vidole, dipoli inazunguka mbele, na waya haujipindi wala hauvuti.

## Hatua ya 3: Chagua mahali

Unataka kuuona mnara kwa macho. Kiwanja cha mpira kinafaa, na dari la zege ni zuri zaidi. Juu ya paa la mabati usipime kabisa: bati linarudisha mawimbi ya mlalo na ya wima kwa namna tofauti, nawe utaishia kupima paa. Ua wa seng'enge na tangi la maji la chuma navyo vikae mbali.

Inua dipoli angalau mita 1.5 kutoka chini; mita 3 ni bora. Kabla ya kuinua bomba lolote, tazama juu. Kama kuna nyaya za umeme ndani ya umbali ambao bomba lako likianguka linaweza kuzifikia, hama. Wingu la mvua likinguruma, teremka.

## Hatua ya 4: Zima ujanja wa kipokezi

Kipokezi cha kisasa kimetengenezwa kuficha kile unachotaka kukiona. Mawimbi yakipungua, kinaongeza ukuzaji, yakizidi, kinapunguza. Mtazamaji wa taarifa ya habari anashukuru. Wewe unaandika namba ile ile mara kumi na mbili.

Kwenye programu ya SDR, zima kila kitufe kilichoandikwa AGC, ndiyo huko kujirekebisha. Mara nyingi viko viwili. Weka geini, yaani kiasi cha ukuzaji, kwa mkono, katikati. Elekeza kwenye katikati ya chaneli. Utaona mawimbi ya televisheni yamekaa kama meza, bapa juu, na kelele za kipokezi ni kama sakafu pembeni yake. RTL-SDR haioni megahezi zote 8 za chaneli kwa pamoja, na haina haja: kipande cha katikati kinatosha. Washa ukadiriaji wa wastani ili mstari utulie. Kutazama sakafu yenyewe, sogea kwenye masafa yasiyo na kituo.

Fanya majaribio mawili kabla ya kuendelea.

La kwanza ni la kuzidiwa. Chomeka kizuia mawimbi cha desibeli 10. Meza ishuke kwa 10, nusu desibeli huku au kule. Ikishuka kwa 4 tu, kipokezi kilikuwa kimezidiwa: punguza geini, rudia. Huna kizuia mawimbi? Punguza geini hatua moja, uone kama meza imeshuka kwa kiasi kinachoendana na namba ulizobadilisha.

La pili ni la nafasi. Dipoli ikiwa kwenye mkao mzuri, meza iwe juu ya sakafu kwa desibeli 30 au zaidi. Kama una 15 tu, hutaona shimo la 25. Utaona sakafu na kudhani ni shimo, halafu utatangaza kwamba mnara unarusha mchanganyiko. Mawimbi yakilingana na kelele, kipimo kinasoma desibeli 3 juu ya sakafu, kwa hiyo namba yoyote iliyo chini ya 3 juu ya sakafu iandikie "haijulikani".

Wenye king'amuzi: ondoa busta (kikuza mawimbi), na zima kwenye menyu umeme ambao king'amuzi hupeleka kwenye antena. Baadhi ya antena zina dipoli iliyokunjwa ambayo kwa umeme huo, ulio wa aina ya betri, ni shoti tupu.

## Hatua ya 5: Uhoji waya

Shika waya kwa kiganja mita moja nyuma ya bomba, kisha telezesha mkono huku unatazama skrini. Namba ikicheza zaidi ya desibeli 1, waya unapokea. Ongeza pete za feraiti, au nyoosha waya zaidi kuelekea nyuma.

Halafu legeza skrubu na utoe vijiti vyote viwili. Mawimbi yaanguke kwa desibeli 25 au zaidi. Niliwahi kuona fundi akitoa vijiti na televisheni ikaendelea na mpira kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku nzima alikuwa anapima RG-6.

## Hatua ya 6: Zungusha na uandike

Lielekeze bomba mnarani. Anza na 0, andika. Ongeza nyuzi 15 kila mara hadi 180, ukizungusha upande wa saa huku ukitazama mnara. Kila kituo subiri sekunde 5 mstari utulie. Ukifika 180 dipoli imelala tena, ila imegeuzwa kichwa miguu, na namba ilingane na ile ya 0. Zikitofautiana kwa zaidi ya desibeli 1, kuna kitu kimesogea au dipoli haina ulinganifu.

Kisha rudi kwenye namba ndogo kuliko zote, na usogee nyuzi 2 kwa 2 kulizunguka shimo. Hapa tumia muda wako. Nyuzi ambapo mawimbi yanazama kabisa ndilo jibu unalolitafuta.

Hili ni jedwali langu la siku moja, juu ya dari la zege, mnara ukionekana kwa mbali. Namba ni desibeli kama zilivyosomwa kwenye skrini:

0: −30.2
15: −30.6
30: −31.4
45: −33.3
60: −36.1
75: −41.5
90: −51.8
105: −42.4
120: −36.6
135: −33.5
150: −31.6
165: −30.6
180: −30.3

Tazama kati ya 0 na 30: tofauti ni desibeli 1.2. Anayetafuta kilele kwa kupapasa angeweza kusimama popote hapo na kuapa amefika. Lakini kati ya 75 na 90 kuna desibeli 10. Nilipolizunguka shimo nyuzi 2 kwa 2, chini kabisa palikuwa 91. Toa 90, wimbi limelala kwenye nyuzi 1, yaani mlalo.

Mwenye king'amuzi bila kipimo afanye hivi. Zungusha polepole hadi picha igande, andika nyuzi. Endelea kuzungusha hadi picha irudi, andika tena. Ikiganda kwenye 78 na kurudi kwenye 104, katikati ni 91, na hilo ndilo shimo. Hutajua kina chake, lakini utajua mahali lilipo, kwa sababu shimo lina ulinganifu pande zote mbili. King'amuzi huchelewa kurudisha picha, kwa hiyo rudia ukitokea upande wa pili kisha chukua wastani. Picha isipoganda kabisa, mawimbi ni makali mno: weka kizuia mawimbi.

## Hatua ya 7: Soma ulichopata

Toa namba ya shimo kwenye namba ya kilele.

Desibeli 20 au zaidi. Wimbi liko kwenye mstari mmoja. Mkao wake ni nyuzi za shimo ukiongeza au ukitoa 90. Umemaliza.

Kati ya 10 na 20. Huenda ni mstari mmoja uliochafuliwa na mawimbi yanayorudi kutoka majengo na ardhini. Sogeza vifaa vyote nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwa megahezi 554 ni sentimita 27, na upime tena. Fanya hivyo mara tatu. Shimo likihama kwa zaidi ya nyuzi 10 kila unaposogea, mahali hapo hapafai.

Kati ya 3 na 10. Duaradufu, yaani duara lililobanwa, au uchafu mkubwa. Usiamini kabla ya kupima sehemu nyingine kabisa.

Chini ya 3. Duara, au mchanganyiko wa wima na mlalo. Redio za FM nyingi hurusha hivyo makusudi, kwa sababu gari lina antena iliyosimama na nyumbani waya umelazwa dirishani. Minara ya simu nayo hurusha mishazari miwili kwa pamoja, ya nyuzi 45 kushoto na kulia, kwa hiyo dipoli moja huona karibu tambarare. Usijifunzie hapo, utajidharau bure.

Ukipata mshazari, andika umesimama upande gani. Mshazari wa kulia kwako uliyetazama mnara ni wa kushoto kwa aliye mnarani.

## Hatua ya 8: Pima antena usiyoijua

Sasa unajua mkao wa wimbi, basi geuza mchezo. Toa dipoli, funga antena ngeni mahali pale pale, na rudia hatua ya 6. Antena ikiwa kwenye shimo lake, mkao wake wa kupokea uko nyuzi 90 kutoka kwenye mkao wa wimbi. Uchore kwa kalamu ya wino mzito kwenye bomba la antena.

Kwa antena ya Yagi, ile yenye vijiti vingi vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, unaweza kubashiri kwa macho: polaraizesheni inafuata vijiti. Antena nyingine zinadanganya, nami nimeshadanganywa nazo.

Antena ya almasi mbili iliyosimama kama namba 8 inapokea mlalo. Ukiilaza kando, inapokea wima. Wengi huifunga kinyume kwa sababu macho yanaona kitu kirefu kilichosimama.

Antena ya mwanya uliokatwa kwenye bati inapokea kukatiza mwanya. Mwanya wa wima unatoa mlalo.

Antena ya pete ya mraba iliyounganishwa waya chini katikati inapokea mlalo, hata kama pete yenyewe imesimama.

Antena ya ndani ya bapa iliyofunikwa plastiki haionyeshi kitu. Hiyo ndiyo hasa unayopaswa kuipima, usibahatishe.

Mafundi wa dishi mnaifanya kazi hii kila siku bila kuiita jina: ndiyo hiyo mnayofanya mkizungusha LNB (kichwa cha kupokelea cha dishi) ya mkanda wa Ku kidogo kidogo. Nanyi pia mtapata pembe sahihi haraka zaidi mkitazama lini mawimbi ya upande wa pili yanakufa, kuliko mkisubiri ya kwenu yapande.

## Hatua ya 9: Kama ni duara, la mkono gani?

Dipoli haiwezi kukujibu. Inapoteza desibeli 3 kwa duara la kulia na 3 kwa duara la kushoto, basi.

Sokota antena mbili za springi zenye vipimo sawa, moja ikifuata uzi wa bolti ya kawaida ya dukani, nyingine kinyume chake. Yenye uzi wa kawaida ni ya mkono wa kulia. Pokea kwa zote mbili mahali pamoja. Inayozidi kwa desibeli 10 au zaidi ndiyo inayolingana na wimbi. Kwa mazoezi kuna satelaiti za GPS, zinazorusha duara la kulia kwenye megahezi 1,575.42, ila mawimbi yake ni dhaifu kuliko kelele. Hayataonekana kama meza kwenye skrini. Utahitaji kipokezi cha GPS kinachoonyesha ubora wa kila satelaiti.

Angalizo moja: duara likigonga bati au dishi hugeuka mkono. La kulia hurudi likiwa la kushoto. Kwa hiyo springi inayotazama ndani ya dishi lazima isokotwe kinyume na ile ambayo ungeielekeza moja kwa moja angani, na kama unapima karibu na ukuta wa mabati, springi zako mbili zinaweza kukupa namba sawa ilhali hakuna kati yazo yenye kosa.